Pengo la kipato baina ya makabila vijijini ni nini?

Chukua wastani wa kipato cha kaya za kabila moja, uuweke kando ya wastani wa kabila jirani. Ukiona umepishana sana, na hali imekuwa hivyo tangu enzi za mababu, hilo ndilo pengo la kipato baina ya makabila. Ni jambo jingine kabisa na tofauti ya ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akiwa nacho na mwenzake hana.

Wengi hukimbilia kusema kabila fulani ni wavivu. Kauli hiyo inaumiza, na ni uongo. Tazama pwani ya Kenya. Ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na kuanzia mwaka 1895 ukatawaliwa na Waingereza. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye shamba ajitokeze adai chake. Hati nyingi zilikwenda kwa Waarabu na Waswahili. Wamijikenda, yaani makabila tisa ya pwani wakiwemo Wagiriama, waliomiliki ardhi kwa pamoja kiukoo, wengi wao waliambulia patupu, na wajukuu zao wakaitwa maskwota, yaani wakaao kwenye ardhi isiyo yao kisheria, hapo hapo walipozaliwa.

Sasa ingia shambani. Mara nyingi skwota huachiwa alime mahindi na mihogo, lakini akichimba shimo la mnazi au mwembe anakatazwa, maana mti wa kudumu ni ushahidi wa umiliki. Mnazi ukishakua, mkwezi anaupanda mara kadhaa kwa mwaka: nazi zinauzwa, makuti yanauzwa, na mti huo huo unamlisha hata mjukuu. Mahindi yanategemea mvua, na mwaka ikikosekana, kijana anakwenda kufanya kibarua. Mkopo nao hapati, kwa kuwa hana hati ya kuweka dhamana.

Wastani, hata hivyo, haumsemei kila mtu. Wapo Waarabu na Waswahili wasio na hata robo eka, na wapo Wagiriama waliopata hati kupitia skimu za makazi, yaani mipango ya serikali ya kugawa ardhi, baada ya uhuru. Tena baadhi ya wenye mashamba huishi mbali, mjini au ng'ambo. Anayepita kijijini akihesabu kipato cha kila kaya hawakuti, kwa hiyo pengo linaloandikwa kwenye karatasi huwa dogo kuliko lile ambalo skwota analiishi.