Je, misuli haijengeki bila unga wa protini?
Wengi wanaobeba vyuma huamini kwamba bila unga wa protini wa kopo, misuli haikui. Aina inayouzwa sana hutokana na maji yanayobaki maziwa yakitengenezwa jibini. Ni chakula kilichokaushwa tu, kinafaa ukikosa muda wa kupika.

Kwa mnyanyua vyuma, takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku zinatosha. Mwenye kilo 70 anatafuta 112 hivi (mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza). Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, na gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa zina gramu 30 hivi.

Jumlisha ulichokula jana. Kisha soma lebo ya kopo, gawanya bei kwa gramu za protini, ulinganishe na trei ya mayai.