Fujo za chumba cha kulala: dhana potofu na ukweli

"Kwanza nunua makasha ya kupangia vitu." Dhana hii inaongoza kwa kumaliza watu fedha. Kasha likiingia chumbani kabla vitu havijapunguzwa, linageuka maficho tu: chaja mbovu, risiti zilizofifia na soksi za upande mmoja vinahama kutoka mezani na kufungiwa humo. Manunuzi huja mwisho. Toa takataka, rudisha vikombe jikoni, nguo chafu zitie kwenye kapu, halafu vilivyobaki vitenge: vya kutumia, vya kugawa, vya kutupa. Ukifika hapo, mara nyingi utakuta droo ulizonazo zinatosha.

"Rundo la nguo kwenye kiti ni uvivu." Si lazima. Liangalie vizuri: nyingi ni nguo zilizovaliwa mara moja. Hazijachafuka kiasi cha kufuliwa, na hutaki kuzichanganya na safi kabatini. Kwa hiyo hazina kwao. Zitundikie kulabu nyuma ya mlango, na kiti kitarudi kukaliwa. Ila idadi ya kulabu iwe na kikomo, maana rundo la ukutani nalo ni rundo.

"Anza kwa kufagia." Ukifanya hivyo utafagia mara mbili, kwa kuwa vumbi la juu litashuka baadaye. Anza na utando wa buibui, feni na juu ya kabati. Sakafu iwe ya mwisho. Feni ya darini ina ujanja wake: izime, chukua foronya kuukuu, ivishe kwenye panga moja kama unavyovisha mto, bana kwa mikono miwili, kisha vuta taratibu. Vumbi linabaki ndani ya foronya badala ya kukumwagikia usoni. Kwingine tumia kitambaa chenye unyevu kidogo, kwani kikavu hurusha vumbi hewani na baada ya muda linatua palepale.

"Kitanda kitandikwe mara tu unapoamka." Kinapendeza, sikatai. Lakini mashuka yamekunywa jasho la usiku kucha, na unyevu huo ndio unaopendwa na utitiri wa vumbi, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyokula vigamba vya ngozi yetu. Funua shuka, fungua dirisha, kaoge kwanza. Usidhani hilo pekee litawamaliza. Kinachowaua ni kufua matandiko kwa maji ya nyuzi joto 60.

"Kunguni huenda kwa watu wachafu." Kunguni hula damu, hawali uchafu. Huingia kwa mizigo ya safari au samani zilizotumika, hata kwenye chumba kinachong'aa. Mrundikano wa vitu hauwaleti, ila huwapa pa kujificha na kufanya kuwasaka kuwe kazi ngumu. Ukipewa kitanda au godoro lililotumika, kagua mishono na maungio kabla halijavuka mlango.

"Dawa ikinuka sana ndiyo inasafisha sana." Hii ni ya hatari. Wapo wanaochanganya blichi na siki ili iwe kali zaidi, na mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza macho na mapafu. Blichi na amonia nazo hutoa gesi ya sumu. Tumia dawa moja kwa wakati, madirisha yakiwa wazi. Kwa vumbi la kawaida la chumbani, maji na sabuni yanatosha.