Nguo ya kuvaa unapokwenda kwenye mashine ya joto baada ya mazoezi: maswali na majibu

Kila baada ya mbio kubwa, ziwe Kilimanjaro Marathon kule Moshi au joging za Jumapili mitaani Dar es Salaam, watu hufika kliniki za fiziotherapia wakitaka "kuwekewa mashine", yaani tiba ya sumaku-umeme, misuli ilegee. Wengi huja na nguo zilezile walizokimbilia, jasho bado bichi. Haya ndiyo maswali wanayouliza. Jibu moja nitalirudia, na nalirudia kwa makusudi.

Tiba hii ya sumaku-umeme ni nini hasa?

Ziko mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni diathemi ya mawimbi mafupi, ambayo wengi huiita mashine ya joto. Hutoa mawimbi ya megahezi 27.12 yanayopenya mwilini na kuzalisha joto ndani ya misuli. Ya pili ni sumaku ya mapigo, ambayo huja kama mkeka wa kulalia au pete ya kuzungushia goti, na haikupi joto la kuhisi. Hii ya pili iliruhusiwa Marekani mwaka 1979 kwa mifupa iliyovunjika ikagoma kuunga. Kwa misuli iliyochoka na mazoezi ushahidi wake bado ni mdogo, kwa hiyo usikubali kuuziwa mkeka wa bei kubwa kwa ahadi ya kuamka mzima kesho yake.

Kuna kitambaa kinachosaidia tiba iingie vizuri zaidi?

Hakuna. Pamba, kitani na poliesta, ikiwa ni vikavu na havina chuma, vyote hupitisha mawimbi. Nguo huchaguliwa ili usiungue. Maadui ni wawili tu: maji na chuma.

Nimetoka kukimbia sasa hivi, jezi imeloa kidogo tu. Naweza kulala hivyohivyo?

Hapana. Jasho ni maji yenye chumvi, na mawimbi hukusanyika pale penye jasho. Tone lililobaki kwenye ngozi hupata moto kabla msuli haujapata hata uvuguvugu, na hapo ndipo malengelenge huanzia. Jezi za mbio karibu zote ni poliesta, na poliesta hainywi jasho, hulishikilia tu juu ya ngozi. Vua, oga, kisha jifute mpaka kwenye mikunjo: nyuma ya goti, kwenye kinena, chini ya matiti.

Na kama imenikaukia mwilini njiani?

Hapana, hata hiyo. Upepo wa bodaboda hukausha kwa nje. Shika mpira wa kiunoni au mshono wa kwapani uuminye kwa vidole, utakuta unyevu. Nguo iliyokukaukia mwilini usiihesabu kuwa kavu. Beba nguo nyingine ndani ya mfuko, haina uzito wa kukushinda.

Basi nivae nini?

Pamba tupu, kavu, pana, isiyobana. Kwa diathemi sehemu inayotibiwa hubaki wazi, na taulo kavu hukaa kati ya ngozi na mashine, hivyo vaa nguo inayofunguka au kupandishwa bila tabu: kaptula pana, tisheti ya kawaida, au kanga. Kwa mkeka wa sumaku unaweza kubaki na nguo yako ya pamba.

Lebo za sokoni usiziamini sana. Dondoshea kitambaa tone moja la maji. Pamba iliyokwisha kufuliwa hulinywa mara moja, ila poliesta mara nyingi huliacha likae juu kama shanga. Vitenge vingi vya siku hizi ni poliesta, na baadhi vina nyuzi za dhahabu zinazong'aa. Vivae harusini, kwenye mashine tafadhali viache.

Mimi ni mwanamke, sipendi kuvua mbele ya watu.

Una haki hiyo, na hakuna anayepaswa kukulazimisha. Njoo na kanga mbili kavu za pamba, moja ya kujifunga na moja ya kujifunika, uombe mhudumu wa kike na pazia lifungwe. Usichopaswa kufanya ni kunyamaza ukalala na baibui la poliesta lenye nakshi za chuma, au na taiti ndani yake ambayo mhudumu haioni. Tunachofichwa ndicho kinachowaunguza watu.

Nina soksi za kubana zenye nyuzi za shaba. Zinaongeza nguvu ya tiba?

Haziongezi. Shaba na fedha hupitisha umeme, na nyuzi hizo hupata moto zikiwa zimekubana ngozi. Zivue, na bandeji ya goti yenye vyuma vya pembeni iondoe pia.

Chuma gani kingine nikitoe?

Zipu, vifungo vya jinzi, waya na kulabu za sidiria, pini za mtandio, bangili, mkufu, shanga za kiunoni zilizotungwa kwa waya, hirizi yenye kasha la bati, funguo, simu, kadi ya benki. Pitisha mkono mwilini wewe mwenyewe, kwa kuwa mhudumu haoni kilicho chini ya kanga.

Halafu sema kilicho ndani ya mwili: vyuma vilivyofungwa mfupani, kitanzi cha uzazi, na zaidi ya vyote kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo au cha kuchochea ubongo. Mwaka 2002 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wawili wenye vifaa vya kuchochea ubongo kufariki kufuatia diathemi. Mjamzito naye aseme mapema, hata kama mimba ni changa.

Joto likiwa kali si ndiyo linafanya kazi?

Hapana! Tunaona watu wamekaza meno, wameshika kingo za kitanda, na ukiwauliza wanakwambia "navumilia". Unavumilia nini? Unachotakiwa kuhisi ni uvuguvugu mtamu. Ukihisi linachoma, sema. Ukihisi sehemu moja ina moto kuliko nyingine, sema, maana huenda ni jasho limekusanyika au chuma kimesahaulika. Usisubiri dakika 20 za tiba ziishe, sema hapohapo.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asikae kabisa kwenye mashine hii kwa miguu hiyo, kwa sababu ngozi yake haitamwonya. Ndiyo maana mhudumu makini hukugusisha kwanza chupa ya maji ya moto na ya baridi akuulize ipi ni ipi. Akiruka hatua hiyo, mkumbushe.

Nimeungua kidogo, nimepaka dawa ya meno. Inatosha?

Haitoshi, na hiyo dawa ya meno imeongeza tatizo. Mwagia maji safi ya bomba kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta, na lengelenge usilitumbue. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usingoje linuke. Moto wa mashine hii unaweza kuwa umeenda chini kuliko unavyoonekana juu.

Nguo nimepata sahihi. Ninaweza kwenda kwenye mashine kwa maumivu yoyote ya baada ya mazoezi?

Hapana. Maumivu ya kawaida ya misuli huwa makali zaidi kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua yenyewe. Kifundo kilichoteguka jana na bado kimevimba hakitaki joto, kinataka baridi na kupumzishwa. Kigimbi kimoja kikivimba, kikauma na kuwa cha moto, inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, usikubali kikandwe wala kuwekewa mashine. Na ukikojoa mkojo wa rangi ya chai au kola baada ya mazoezi mazito, misuli inavunjika na figo zako ziko hatarini. Usije kwetu kulala kwenye mkeka. Nenda hospitali, leo, hata kama ni usiku.