Juu ya nini programu inatembea kwa jirani, kwako inakufa?

Je, wajua juu ya nini programu ileile inatembea vizuri kwenye masini ya mwenzako, ukiileta kwako inakufa palepale? Hapa Bukavu hilo swali naulizwa sana, na wengi wanakimbilia kusema ni virusi ama memori imejaa, wanafuta kila kitu, wanainstoli upya, mega zinaisha bure na shida iko palepale. Mara nyingi masini ni nzima kabisa. Ni vitu viwili ndani yake ndo havielewani.

Programu haijichukulii diski wala memori yenyewe, inaomba. Ombi linapita kwanza kwenye maktaba ya mfumo, kwenye Linux nyingi (Linux ni mfumo wa kuendesha masini, kama vile Windows) inaitwa glibc, halafu glibc ndo inabisha mlango wa kerneli, ule moyo wa mfumo wenye kushika vifaa vyote. Linus Torvalds, aliyeanzisha kerneli ya Linux 1991, ana sheria kali: kerneli mpya isivunje programu za zamani. Kwa hiyo kitu cha zamani juu ya kerneli mpya mara nyingi kinapona. Balaa linakuja ukigeuza, kipya juu ya cha zamani, na sisi wenye masini za okazio na mega za kuhesabu ndo tunaishi humo kila siku.

Kuna shida zenye kujisema zenyewe. Ukiona "version GLIBC_2.34 not found", jua programu ilijengwa kwenye glibc ya 2.34 ama zaidi na Linux yako, tuseme Ubuntu 20.04, iko na 2.31. Nakuomba sana ndugu yangu, usichukue faili ya libc.so.6 kwa mtu ukaibandika juu ya yako, maana karibu amri zote, hata ls ya kuorodhesha faili na cp ya kunakili, zinaitegemea, ikiharibika utakosa hata amri ya kurudisha ile ya kwanza. Ijenge programu upya kwenye mfumo wa zamani ama uitie ndani ya kontena, lile boksi lenye kubeba programu pamoja na maktaba zake. Ukiona "FATAL: kernel too old" ni kwamba glibc tangu 2.26 inataka kerneli 3.2 kwenda juu, na CentOS 6, Linux nyingine ya zamani, iko na 2.6.32. Hapo kontena haikuokoi, kontena haibebi kerneli yake, inatumia ya mwenye nyumba.

Lakini ile yenye ilinitesa haikujisema. Tulikuwa na seva ambayo Docker yake, ile programu yenye kuendesha kontena, haijaguswa miaka, tukashusha imeji (kifurushi cha kuanzishia kontena) yenye lugha ya Python, iliyojengwa juu ya Linux ya Debian 12, kila tukiwasha inaandika "can't start new thread", yaani haiwezi kuanzisha thread mpya, kazi ndogo ndani ya programu, na inakufa. Tukaangalia memori, iko tele haijatumika, tukaangalia kodi ya programu, siku mbili zikaenda hivyo na umeme unakatika katikati. Mwisho nikaifuata na strace, hiyo inakuandikia kila ombi programu inapeleka kwa kerneli na jibu lake, mstari kwa mstari, na mwishoni kabisa kabla ya kufa nikakuta clone3 na jibu lake: -1 EPERM.

Clone3 ni ombi la kuanzisha thread, liliingia kwenye kerneli 5.3 mwaka 2019, na glibc tangu 2.34 inajaribu hilo kwanza. Ikijibiwa ENOSYS maana yake hicho hatuna, basi inarudi kwenye clone ya zamani na kazi inaendelea. Ikijibiwa EPERM maana yake umekatazwa, na inaacha. Ni kama soko la Kadutu, muuzaji akikwambia sombe imeisha unaenda meza inayofuata, lakini mtu akikusimamisha mlangoni akasema huruhusiwi kununua sombe, unarudi nyumbani mikono mitupu hata kama meza kumi ziko nayo. Docker ile ya zamani ndo ilikuwa imesimama mlangoni, clone3 haiko kwenye orodha yake ya maombi yanayoruhusiwa, na kila ombi lisilo kwenye orodha ilikuwa inalijibu EPERM. Docker 20.10.10 ya 2021 ilibadilisha hilo jibu la clone3 likawa ENOSYS. Tukapandisha Docker, programu ikatembea, kodi hatukugusa hata herufi.

Kwa hiyo ukitaka nikusaidie, usinitumie picha ya skrini nyeusi tu. Nitumie jibu la uname -r (toleo la kerneli), la ldd --version (toleo la glibc), na mistari ya mwisho ya dmesg (maandishi ya kerneli yenyewe). Na ile namba programu inaacha ikifa: 139 ni programu imegusa memori isiyo yake, 132 ni prosesa imepewa amri isiyoijua, na hiyo kwa masini zetu za okazio naikuta sana, programu imejengwa kwa prosesa mpya kuliko yako, hapo hata ukiinstoli mara kumi haitatembea, tafuta toleo lililojengwa kwa prosesa za zamani.