Anemoni akinywea tangini: yanayosemwa na ukweli wake

Siku ya kwanza anemoni, mnyama laini wa baharini anayefugwa katika tangi la maji ya chumvi, anaweza kukukatisha tamaa. Ulitarajia kiumbe aliyechanua kama ua, ukamtoa katika mfuko wa maji aliosafiria ukapata tonge la nyama laini lililonywea, yaani lililosinyaa, mdomo umelegea, minyiri imesinyaa kama vidole vilivyoshinda majini. Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika: mlishe, msogeze, muogeshe, mtilie dawa, mletee samaki wake. Ukiusikiliza vizuri, karibu wote unakutaka uingize mkono ndani ya tangi. Nina hakika si anemoni wachache walionusurika safari wakaja kumalizwa na mkono huo.

Inasemwa: Akinywea, anakufa

Anemoni hana mfupa wala gamba. Kinachomsimamisha ni maji aliyojijaza mwilini. Tena ana tundu moja tu, mdomo, ambalo linaingiza chakula na kutoa taka. Kwa hiyo kila anapotaka kujisafisha hukamua maji yote, akabaki kidonge, kisha baada ya saa chache akajijaza upya. Mzima kabisa hufanya hivyo mara kwa mara, hasa usiku au siku moja baada ya kula. Aliyetoka safarini hufanya zaidi, na huenda akatema utando wa kahawia unaokutia hofu. Mara nyingi hizo ni taka tu pamoja na mwani aliokuwa akiishi nao mwilini.

Cha kuangalia ni mwenendo wake wa siku kadhaa, si sura ya saa moja. Anemoni anayenywea jioni akachanua asubuhi huenda anahangaika, lakini yu hai na anapambana. Dalili mbaya ni hizi: mdomo unabaki wazi kutwa na nyama ya ndani imechomoza nje, mguu, yaani kitako chake cha kushikilia jiwe, haushiki kitu chochote, minyiri haigandi kidoleni hata kidogo, na ngozi inaanza kumeguka na kuelea vipande vipande. Ukifikia shaka, msogeze karibu na uso wa maji unuse. Anemoni aliyekufa ananuka uvundo ambao hauhitaji kuelezwa. Huyo mtoe saa hiyo hiyo, badilisha sehemu ya maji, weka makaa ya kuchujia na pima amonia, sumu itokanayo na taka na vitu vinavyooza, kila siku kwa siku kadhaa, maana mwili wake ukiozea ndani unaweza kuua samaki waliobaki.

Inasemwa: Maji yakiwa angavu na chumvi ikiwa sawa, tangi liko tayari

Uangavu wa maji haukuambii lolote. Amonia haina rangi. Tangi jipya hupanda na kushuka: leo amonia, kesho naitraiti (sumu nyingine itokanayo na amonia), wiki ijayo mwani unafunika mawe. Samaki mgumu huvumilia misukosuko hiyo, anemoni hapana, kwa sababu ngozi yake nyororo iko wazi kwa kila kilichomo majini. Wafugaji wengi wenye uzoefu hungoja angalau miezi sita baada ya kuanzisha tangi, na wengine mwaka mzima. Mimi niko upande wa mwaka.

Vipimo vinavyomfaa si siri: joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji (uzito linganifu wa 1.025 au 1.026), pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 8.1 na 8.4, amonia na naitraiti sifuri, naitreti (ambayo naitraiti huishia kuwa) ya chini. Ila namba nzuri inayobadilika kila siku ni mbaya kuliko namba ya wastani iliyotulia. Maji yanayovukizwa huacha chumvi nyuma, kwa hiyo kinachoongezwa kila siku ni maji yasiyo na chumvi, tena yaliyochujwa. Anayesahau kwa siku tano kisha akajaza ndoo nzima kwa mpigo amemtikisa anemoni mara mbili: chumvi ilipopanda polepole, na iliposhuka ghafla.

Inasemwa: Kadiri unavyomzoesha maji taratibu, ndivyo bora

Ni kweli mpaka hapo utaratibu unapogeuka mateso. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa ya kaboni anayotoa hujikusanya na kushusha pH. pH ikiwa chini, amonia iliyomo hukaa katika umbo la amoniamu, ambalo halina sumu kali. Ukishafungua mfuko, kaboni inatoroka, pH inapanda, na ile amoniamu inageuka amonia yenyewe. Sasa fikiria mtu anayedondosha maji kwa mpira mwembamba saa nne mfululizo, akidhani anamhurumia, kumbe anamlowesha ndani ya sumu yake. Sawazisha joto, dondosha maji kwa nusu saa hadi saa moja kama chumvi ya mfukoni na ya tangini hazipishani sana, kisha mhamishe yeye peke yake. Maji ya mfuko yamwage.

Wakati wa kumhamisha, mbebe kwa kiganja au bakuli kutoka chini. Kuna wanaoapa kwamba akiguswa na hewa amekwisha. Sivyo, wapo anemoni wa miambani ambao maji yakupwapo hukaa nje kwa saa kadhaa. Hatari iko kwenye kumshika minyiri na kumning'iniza.

Inasemwa: Amedhoofika, kwa hiyo mpe taa kali mara moja

Anemoni wanaofugwa zaidi, wale wanaoishi na samaki, wana mwani wa chembe moja ndani ya nyama yao. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Kwa hiyo taa nzuri ni lazima, hilo halina ubishi. Lakini kiumbe aliyekaa gizani safari nzima akiwekwa chini ya taa iliyofunguliwa yote, mwani wake huzidiwa, huzalisha kemikali zinazochoma nyama, naye anemoni huutapika mwani huo. Anza na taa iliyopunguzwa, halafu iongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi.

Hapa ndipo ilipo dhana niichukiayo kuliko zote: kwamba anemoni mweupe pe ni aina ya pekee, na huuzwa hivyo. Weupe huo kwa kawaida ni kupauka. Amepoteza mwani wake na anaishi kwa akiba. Wale wa manjano ya kung'aa kama ganda la ndimu iliyoiva mara nyingi wamepakwa rangi, na chini ya rangi hiyo ni weupe uleule. Anaweza kurudi, kwa taa ya wastani, lishe ndogo ndogo na miezi ya subira, lakini asiwe anemoni wako wa kwanza. Unapochagua, tafuta mwenye rangi ya kahawia au kijani iliyokolea kidogo, mdomo uliofumba, minyiri inayonata, na mguu usio na mchaniko. Mguu ndio wa kukaguliwa kwanza, na ndio watu wengi hawautazami.

Inasemwa: Akihama, mrudishe ulipomweka

Nilimpoteza wa kwanza kwa dhana hii. Nilikuwa nimemchagulia jiwe la mbele kabisa, pale ninapomwona nikiwa nimeketi. Asubuhi nikamkuta ameshikilia kioo cha pembeni. Nikamchokonoa kwa ukucha, nikambandua, nikamrudisha. Siku ya pili akahama tena, nikambandua tena, safari hii mguu ukabaki na mchaniko wa upana wa punje ya mahindi. Hakushika jiwe tena. Alielea, mkondo ukamchukua hadi kwenye pampu.

Anemoni anatembea kwa unyayo wake, na anatembea kwa sababu. Anatafuta mahali penye mwanga unaomtosha, mkondo usiompiga, na pa kuficha mguu. Aina hazifanani katika hili. *Entacmaea quadricolor*, yule mwenye vidutu kwenye ncha za minyiri, hupenda kuzamisha mguu ndani ya ufa wa jiwe na kutoa kichwa nje. *Stichodactyla haddoni* na *Macrodactyla doreensis* ni wa mchangani, huchimbia mguu chini, na ukimweka mmoja wao juu ya jiwe utamhukumu kutangatanga. *Heteractis magnifica*, ambaye siku hizi wanasayansi humwita *Radianthus magnifica*, hupanda juu kabisa penye mwanga na mkondo wa nguvu, na ni mgumu kumtuliza kuliko yule wa vidutu.

Kazi yako basi ni kuandaa jiwe lenye ufa, au mchanga wa kina, kabla hajafika; halafu kuziba njia za ajali. Pampu zote zivishwe sponji au wavu wa plastiki, na sponji ioshwe kila baada ya siku chache kwa sababu huziba. Matumbawe ya thamani yasogezwe mbali, kwani kila anapopita huyachoma. Akishindikana kabisa, yuko mdomoni mwa bomba la kunyonya maji na lazima atoke, zima pampu hiyo na umwelekezee mkondo mwepesi wa maji mguuni hadi aachie mwenyewe.

Wa pili nilimwacha. Alizunguka siku tisa, nikilala na tochi kando ya kitanda, kisha akaingia nyuma ya jiwe kubwa ambako simwoni mpaka niiname. Yuko huko mpaka leo. Nimehamisha kiti.

Inasemwa: Mlishe sana apate nguvu

Anemoni aliyechoka hupokea chakula kwa sababu minyiri inashika chochote kinachogusa. Kushika si kumeng'enya. Kesho yake ataitema nyama ya kamba wa baharini uliyompa ikiwa imezungukwa na ute, na nyama hiyo itaozea nyuma ya jiwe na kupandisha amonia, amonia imfanye anywee zaidi, nawe useme kweli ana njaa. Ngoja ashike mahali, achanue kila siku, mdomo ufumbe. Kisha mpe kipande cha kamba au kome kisichozidi ukubwa wa njegere, mara moja au mbili kwa wiki. Samaki mzima mdogo, kama wengine wanavyopenda kuwapa ili wapige picha, ni mzigo mkubwa mno kwa tumbo lililodhoofika.

Inasemwa: Muogeshe maji baridi, mtilie dawa

Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huingia kwa nguvu ndani ya seli zake na kuzipasua. Kinachomfaa samaki mwenye vimelea kinamuua anemoni. Dawa za samaki zenye shaba ni sumu kwake hata kwa kiasi kidogo. Matone ya ayodini hayamponyi uchovu wa safari. Wapo wafugaji wazoefu wanaotumia antibiotiki kwa anemoni mwenye maambukizi, lakini hufanya hivyo katika tangi la pekee, na si tiba ya kuanzia kwa mtu ambaye bado hajapima amonia.

Inasemwa: Bila samaki wake hatatulia

Baharini baadhi ya samaki huishi katikati ya minyiri ya anemoni, na ushirika huo una faida kwa pande zote: samaki hufukuza wanaotafuna minyiri, na taka zake hurutubisha mwani wa mwenyeji. Tangini hakuna wa kumtafuna, na naitrojeni haikosekani. Anemoni hutulia vizuri akiwa peke yake. Samaki wa anemoni naye huishi miaka bila anemoni. Kinyume chake, samaki mkubwa mwenye hamu, anayejisugua na kuzama na kutoka kutwa kucha, humzuia mgonjwa asichanue. Ikiwa tayari unaye, watenganishe kwa kikapu chenye matundu hadi anemoni ashike jiwe.

Wala si kila samaki na kila anemoni. *Amphiprion ocellaris*, yule mdogo wa chungwa mwenye mistari mitatu myeupe, baharini haishi na *Entacmaea quadricolor*. Tangini mara nyingi humkubali, mara nyingine humpuuza miaka yote akalala pembeni ya pampu.

Inasemwa: Hata hivyo hawaishi sana

Wanaokufa mapema tangini hawafi kwa uzee. Mwaka 1828 Sir John Graham Dalyell, mtafiti wa viumbe, alimwokota anemoni mwekundu wa miambani katika pwani ya Uskoti, akamweka kwenye chombo cha kioo na kumbadilishia maji ya bahari. Dalyell alifariki 1851. Anemoni akapokelewa na watu wengine mjini Edinburgh, ambako alijulikana kama Granny, yaani Bibi, akazaa watoto wengi, akafa 1887. Alikuwa wa aina ya maji ya ubaridi isiyo na mwani mwilini, kwa hiyo asije mtu akakitumia kisa chake kumfungia wa kwake kwenye mtungi usio na taa.