Nyungunyungu akikatwa na jembe: kuota upya maana yake nini

Mvua za vuli zikishalainisha matuta ya mchicha kwenye bonde la Msimbazi, jembe haliwezi kumkwepa kila nyungunyungu. Anakatwa, vipande viwili vinafurukuta kila kimoja upande wake, na mtu anasema: haya, sasa wako wawili. Hawako wawili. Aghlabu hapo kuna nyungunyungu mmoja aliyejeruhiwa na mkia ambao haujatambua kwamba umekufa.

Mfano mzuri uko ukutani nyumbani. Mjusi akibanwa huacha mkia wake ukichezacheza sakafuni, kisha yeye huota mkia mwingine. Mkia ule hauoti mjusi. Huko ndiko kuota upya: mnyama kurudisha sehemu ya mwili aliyoipoteza, ikiwa na ngozi, misuli na neva zake. Kidonda kufunga ni jambo dogo kuliko hilo, maana hata kovu ni kufunga. Na kipande kugeuka mnyama mzima ni jambo kubwa zaidi, linalowezekana kwa viumbe wachache tu. Watu huyachanganya haya matatu, na neno letu “mnyoo” linazidi kuyachanganya, kwa sababu tunamwita mnyoo nyungunyungu wa bustanini, mchango wa tumboni na tegu wa kwenye nyama, ilhali hao ni wanyama wa makundi tofauti kabisa.

Tuanze na nyungunyungu. Mwili wake umegawanyika pingili kama muwa. Yule mwekundu wa kwenye mboji, Eisenia fetida, huwa na pingili 80 hadi 120. Mkubwa aliyekomaa ana mkanda uliovimba, kama mtu aliyefungwa bendeji shingoni, unaoanzia karibu na pingili ya 25 na kuishia karibu na ya 32. Mkanda huo uko jirani na kichwa, kwa hiyo ndio alama ya haraka ya kujua mbele ni wapi. Vitu visivyo na mbadala vimerundikana upande huo wa mbele. Kwa nyungunyungu mkubwa wa Ulaya, Lumbricus terrestris, aliyechunguzwa sana, ubongo uko pingili ya 3, jozi 5 za mioyo ziko kati ya pingili ya 7 na ya 11, viungo vya uzazi vinafuata hapohapo, halafu firigisi ya kusagia chakula. Ukishapita mkanda, kinachobaki hasa ni utumbo mrefu, misuli na uzi wa neva.

Ndiyo maana mahali pa kukatwa huamua kila kitu. Akikatwa nyuma kabisa ya mkanda, kipande cha mbele kina mdomo, mioyo na firigisi, kwa hiyo kinaweza kuendelea kula huku kikiota mkia. Misuli ya mviringo hukaza na kubana jeraha, ngozi hufunga, kisha hutokea kinundu cheupe kinachorefuka taratibu na kujigawa pingili. Mkia mpya huwa mwembamba na mweupe kuliko mwili wa zamani, na mara nyingi pingili zake hazifikii idadi ya zilizopotea. Ni kazi ya wiki kadhaa, pengine miezi.

Kipande cha nyuma kina shida ya wazi: hakina mdomo. Kinaendelea kufurukuta kwa sababu kila pingili ina fundo lake la neva, na kwa sababu nyungunyungu hupumua kwa ngozi, kwa hiyo hakikati pumzi mara moja. Wakati mwingine hufanya jambo la ajabu zaidi, kuota mkia mwingine pale kichwa kilipokuwa. Sasa kina mkia huku na mkia huku, na kinakufa njaa.

Aliyepoteza pingili chache tu za mwanzo, yaani ncha ya kichwa, anaweza kuziotesha tena. Aliyekatwa katikati ya mkanda au mbele yake kwa kawaida hapati nafuu. Kuna spishi zinazokwenda mbali zaidi: Perionyx excavatus wa Asia, anayefugwa kwa ajili ya mbolea, huweza kuota upya mbele na nyuma. Lakini usimchukue huyo kuwa kipimo cha nyungunyungu wote.

Hata kipande chenye nafasi ya kupona hufa mara nyingi kwa sababu za kawaida tu. Jua la saa sita la Dar es Salaam hukausha ngozi, na ngozi ikikauka hakuna pumzi. Jeraha lililopondwa na chepe butu huoza badala ya kufunga. Sisimizi nao hawasubiri. Ukitaka kumsaidia, kifukie kipande chenye mkanda kwenye udongo wenye unyevu, kivulini, usiotuama maji. Na kwenye tuta lenye nyungunyungu wengi, uma wa bustani huwajeruhi wachache kuliko jembe.

Anayefuga nyungunyungu kwa ajili ya mbolea asiwakate akidhani anawaongeza. Wao huongezeka kwa vifuko vya mayai, vidogo kama punje za uwele. Kila nyungunyungu ana viungo vya kike na vya kiume, ila kwa kawaida huhitaji mwenzake. Ukitaka makundi mawili, gawa boksi: nusu ya mboji pamoja na wakazi wake.

Wanaogeuka wawili kweli ni minyoo bapa wa majini wanaoitwa planaria. Mwaka 1898 mwanabiolojia Mmarekani Thomas Hunt Morgan aliwakatakata na kukadiria kwamba kipande kidogo kama 1/279 ya mwili kingeweza kurudi kuwa mnyama mzima. Siri yao ni seli za akiba zilizotapakaa mwilini, zenye uwezo wa kugeuka seli ya aina yoyote. Mwaka 2011 watafiti walichukua planaria ambaye seli zake hizo zilikuwa zimeuawa kwa mionzi, wakampandikizia seli moja tu ya namna hiyo, na uwezo wa kuota upya ukarudi. Nyungunyungu hana hazina ya ukubwa huo. Ndugu wa planaria wanaoishi nchi kavu, wenye kichwa cha umbo la nyundo, wamesambaa nchi nyingi kupitia vyungu vya maua, na wanakula nyungunyungu. Huyo usimkate kwa jembe, maana vipande vitaota. Mmwagie chumvi au maji ya moto, usimshike kwa mkono mtupu.

Na wa tumboni? Mchango hauoti upya. Mwili wake ni kama mpira uliojaa maji kwa shinikizo, ukikatika umekwisha. Kwa hiyo hofu kwamba dawa inaweza “kumkata” akawa wawili haina msingi.

Tegu ndiye wa kuangaliwa vizuri. Pingili zinazoonekana kwenye choo, bapa na nyeupe kama vipande vya tambi pana, haziwezi kuota tegu mwingine. Hatari yake ni mayai yaliyomo. Lakini pingili zote huzalishwa shingoni, nyuma tu ya kichwa kilichojing’ang’aniza kwenye ukuta wa utumbo. Unaweza kutoa mita nzima ya tegu, na kichwa kikibaki, ndani ya miezi 2 hadi 3 pingili zinaanza kutoka tena. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa arudi kupima choo baada ya muda huo, hata kama alishaona “mnyoo mzima” ametoka.