Taya likikatwa huunga: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu upasuaji wa kurekebisha taya

Jioni moja ya baridi pale Mwanjelwa, Mbeya, nilimwona msichana akinunua hindi la kuchoma. Hakuling'ata kwa meno ya mbele kama wenzake, bali aliliingiza kwenye kona ya mdomo na kulipukuchua kwa magego, na punje zilizobaki akazitoa kwa vidole. Hata magego yake yakibana kabisa, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini hubaki nafasi ya kupitisha ncha ya kidole. Hiyo si tabia mbaya ya kula, ni umbo la mifupa. Wengine taya lao la chini limetangulia, wengine limebaki nyuma, na wengine limekwenda upande mmoja. Upasuaji wa kuwasaidia upo na umebadilika sana, ila mengi ninayoyasikia kuuhusu kwenye mabenchi ya kliniki za kinywa huku Nyanda za Juu Kusini ama hayakuwa kweli tangu mwanzo, ama yalikuwa kweli zamani.

Dhana inayokatisha tamaa wengi ni kwamba mfupa wa taya ukikatwa hauungi, au kwamba kipande kilichokatwa kitaoza. Hofu hiyo ina mantiki, na madaktari wenyewe walikuwa nayo. Mwaka 1957, Richard Trauner na Hugo Obwegeser walichapisha maelezo ya namna ya kulikata taya la chini ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi hii. Badala ya kulikata taya kwa mkupuo mmoja kama anayekata kuni, waliupasua mfupa kwa urefu wake, kama fundi wa Mafinga anavyochana ubao. Vipande viwili vikishatelezeshwa mbele au nyuma hubaki vimelaliana kwa eneo pana, na seremala yeyote anajua kwamba mbao zilizolaliana hushikana vizuri kuliko zilizogusana ncha kwa ncha. Mwaka 1961 Giorgio Dal Pont alilipanua eneo hilo zaidi. Kwa taya la juu, ambalo huteremshwa lote likabaki limeshikwa na nyama za kaakaa na fizi tu, shaka ilikuwa kubwa zaidi, mpaka majaribio ya William Bell wa Marekani kwa nyani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, yalipoonyesha kwamba nyama hizo zinatosha kuupelekea mfupa damu. Kwa hiyo mfupa unabaki hai, na huunga kama mfupa wa mguu unavyounga. Anayevuta sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa huchelewa kupona, na ni wajibu wake kumwambia daktari mapema.

Wengine husema kwamba mdomo hufungwa kwa waya wiki sita na mgonjwa hunywa kwa mrija tu. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Dhana hii haifi huku kwetu kwa sababu watu wanaona kwa macho yao vijana waliovunjika mataya kwenye ajali za bodaboda wakifungwa meno kwa waya, nayo bado ni tiba halali ya baadhi ya mivunjiko. Katika upasuaji wa kurekebisha, tangu Hans Luhr wa Ujerumani alipoonyesha mwaka 1968 kwamba vibamba na skrubu vinaweza kuishika mifupa ya taya, waya hizo zilianza kuondoka. Vibamba vya siku hizi ni vya titani, vyembamba, na skrubu zake nyingi hazizidi urefu wa punje ya mchele wa Kyela. Mgonjwa huweza kufungua mdomo mapema, ingawa mara nyingi huwekewa vipande vidogo vya mpira unaovutika vya kuelekeza meno, na hula laini kwa takribani wiki sita: uji wa ulezi, mtori, parachichi lililopondwa, maziwa. Makande na nyama choma husubiri.

Kuhusu kovu usoni, jibu ni fupi: mara nyingi sana mikato hupita ndani ya mdomo, juu ya fizi, na nje hakuonekani kitu isipokuwa uvimbe wa wiki chache.

Yupo pia anayesema hayo yote ni ya nini, mtoto avalishwe nyaya za meno, taya litarudi lenyewe. Nyaya huyahamisha meno ndani ya mfupa. Kwa mtu mzima haziusogezi mfupa wenyewe. Kwa mtoto anayekua vipo vifaa vinavyoweza kuuelekeza ukuaji, ndiyo maana ni vizuri aonwe mapema. Lakini kuonwa mapema si kupasuliwa mapema. Taya la chini lililotangulia likisogezwa mtoto akiwa na miaka 12 linaweza kuendelea kukua na kuiharibu kazi yote, hivyo kwa kawaida husubiriwa mpaka ukuaji ukome, na wavulana huchelewa kuliko wasichana. Wasiosubiri ni watoto wachache wenye shida kubwa, kama vile taya dogo linaloziba njia ya hewa. Kwa baadhi yao mfupa hukatwa na kuvutwa polepole kwa kifaa, kama milimita 1 kwa siku, ili mfupa mpya uote katika pengo. Njia hiyo ilitokana na kazi ya Gavriil Ilizarov juu ya mifupa ya miguu na mikono, na mwaka 1992 Joseph McCarthy na wenzake waliripoti matumizi yake kwenye mataya ya watoto.

Ujio wa kompyuta umeleta dhana mpya, kwamba sasa mashine ndiyo inayopasua. Mashine inachosaidia zaidi ni kupanga. Picha za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazopigwa tabaka kwa tabaka, hugeuzwa kuwa fuvu la kompyuta lenye sura tatu, daktari hulikata na kulisogeza humo kabla hajamgusa mgonjwa, kisha huchapishwa kibanio cha plastiki kinachokaa kati ya meno na kuonyesha taya linapaswa kufika wapi. Kwingine hata vibamba hutengenezwa kwa kipimo cha mgonjwa mmoja. Vipo pia visu vya mawimbi ya sauti vinavyokata mfupa bila kuijeruhi sana nyama laini. Mkono na hukumu bado ni vya daktari, na pasipo vifaa hivyo mpango mzuri unaweza kufanywa kwa nakala za meno za plasta na vipimo vya picha ya eksirei ya kawaida.

Kwangu, kosa kubwa kuliko yote ni watu kuuogopa mfupa na kuusahau mshipa wa fahamu. Ndani ya taya la chini hupita mshipa unaoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu, na taya hupasuliwa kando yake kabisa. Wengi huamka na ganzi. Si kupooza, kwa maana misuli ya uso hutumia mshipa mwingine, na mgonjwa hucheka na kuongea. Kwa walio wengi hisia hurudi ndani ya majuma au miezi, lakini wapo ambao sehemu yake hairudi, hasa wenye umri mkubwa. Hili ndilo la kumuuliza daktari kabla ya kutia saini. Katika baridi ya Uyole au Njombe, ambako chai hunywewa ikitoka jikoni, mwenye ganzi anaweza kuuunguza mdomo asijue, hivyo kikombe kijaribiwe kwanza kwa mgongo wa mkono. Na kabla ya upasuaji, daktari aguse mdomo wa chini kwa pamba, kulia na kushoto, aandike kwenye faili mgonjwa alichohisi, ili miezi baadaye pawe na kitu cha kulinganisha nacho.